Mwanga Ukififia, Nani Kaufifisha?

Wanachuo wenzangu, hata nyie mliokimbia kemia kidato cha pili, hii inawahusu. Siku hizi hazipiti wiki mbili bila kusikia kwamba kuna kipimo kipya cha bei nafuu kitakachomaliza kazi hospitalini. Kimojawapo kinatumia nukta za kaboni. Tuone kinafanyaje kazi, na kinakwama wapi.

Tuanze na mgonjwa. Methotrekseti ni dawa ya saratani. Mtoto mwenye saratani ya damu, au kijana mwenye saratani ya mfupa, anaweza kupewa dozi kubwa kwa dripu. Ikikaa mwilini kuliko inavyotakiwa inaharibu figo na uboho, kwa hiyo baadaye anapewa dawa nyingine, lukovorini, iokoe seli nzima. Kiasi gani, na kwa muda gani? Jibu limo kwenye damu yake, ambayo hupimwa tena na tena, kwa kawaida saa 24, 48 na 72 tangu dripu ianze. Majibu yakichelewa, daktari anabaki kubahatisha. Na mashine za kupimia ni ghali, tena zinataka mtaalamu.

Hapo ndipo zinapoingia nukta za kaboni. Mwaka 2004, watafiti wa South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha mirija midogo mno ya kaboni wakakuta chembechembe zinazong'aa. Kila moja haizidi nanomita 10 hivi, wakati unene wa unywele mmoja ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kuzitengeneza si kazi kubwa: unachukua asidi ya sitriki, ileile inayofanya limau liwe kali, unaiyeyusha kwenye maji pamoja na kemikali yenye naitrojeni, unaifungia kwenye chombo cha chuma, unaichemsha kwa nyuzi 180 hadi 200 kwa saa kadhaa. Basi. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuanimno, zinatoa mwanga wa buluu, kama alama za noti chini ya ile taa ya benki.

Sasa, methotrekseti nayo hufyonza mwanga wa karibu nanomita 370, na nukta nyingi za aina hii hula mwanga wa eneo hilohilo. Fikiria sinia moja la wali: akija mlaji wa pili, wa kwanza hashibi. Dawa ikiwepo, nukta zinapata mwanga kidogo, zinang'aa kidogo. Unapima zimefifia kiasi gani, unalinganisha na grafu uliyochora kwa viwango unavyovijua, unapata jibu. Ni praktiko ya kawaida kabisa.

Lakini damu si maji ya bomba. Himoglobini inafyonza mwanga. Bilirubini inafyonza mwanga. Dawa nyingine alizomeza mgonjwa zinaweza kufyonza pia. Wote hao wamekaa kwenye sinia lilelile, na nukta haikwambii nani kala. Inakwambia tu kwamba wali umepungua.

Ndiyo maana kazi kubwa iko kabla ya taa kuwashwa: kuzungusha damu kwa kasi ili seli zitengane na plazma, kugandisha protini na kuziondoa, kuzimua kinachobaki, kisha kujaribu kimoja kimoja vitu vinavyoweza kudanganya. Tafiti nyingi huishia kwenye damu ya watu wazima wa afya iliyoongezewa dawa maabara. Damu ya mgonjwa ambaye figo zimechoka na anameza dawa tano ni mtihani mwingine.

Sisemi teknolojia hii ni bure, la hasha. Kipimo rahisi karibu na kitanda kingeokoa figo za watu. Ila ukisikia tena "kipimo kipya kimegundua dawa kwenye damu", uliza: damu ya nani? Ilisafishwaje? Na kitu gani kingine kingeweza kuufifisha mwanga ule? Kama hakuna majibu, mwache daktari aendelee na mashine yake ghali.