Kanuni za Lugha na Desturi ya Wasemaji

Mwanafunzi aliyefundishwa kusema "kiti kimevunjika" na "kisu kimevunjika," akisema "kiboko kimekufa," hakuivunja kanuni, bali ameifuata. Hata hivyo amekosa, kwa maana wenye lugha husema "kiboko amekufa." Tukimwongezea kanuni ya viumbe vyenye uhai, atasema "rafiki wangu," nao husema "rafiki yangu." Basi kanuni juu ya kanuni hazina mwisho. Ludwig Wittgenstein, aliyepata kuwa mwalimu wa watoto huko Austria, alilieleza jambo hili katika kitabu kilichotolewa mwaka 1953, baada ya kufa kwake: kuifuata kanuni ni desturi ya watu. Kwa hiyo mwalimu asikemee upesi. Mtoto na ayazoee kwanza maneno ya wasemaji, ndipo apewe kanuni.