NYUMBA YA WAZEE NA ITUNZWE

Mzee akiletwa hospitali na mfupa wa paja uliovunjika, jamaa zake husema, "Ni uzee tu." Lakini tukiuliza zaidi twasikia habari nyingine. Kizingiti kilikuwa juu, taa haikuwapo, sakafu ilikuwa na shimo, na kila mtu wa nyumba ile alilijua shimo lile tangu zamani. Basi, ni uzee uliomwangusha, au ni shimo?

Somo hili ni habari ya nyumba wanamokaa watu wasioweza kujitunza wenyewe: wazee, vipofu, viwete, na wale ambao ukoma umeifisha ganzi miguu yao. Pengine ni nyumba ya serikali, kama zile za Sebleni na Welezo kule Unguja. Pengine inatunzwa na watu wa dini, kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, iliyo mikononi mwa masista wa Kikatoliki. Kwetu Kinkondja mara nyingi ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba ya mtoto wake. Kanuni ni ile ile. Mtu mwenye nguvu akiona nyumba inavuja, huhamia kwa ndugu yake. Mzee hawezi kuhama. Ubaya wa nyumba humpata yeye usiku na mchana.

NYUMBA YAWEZA KUUA

Katika vita ya Crimea askari wa Uingereza walilazwa katika hospitali kubwa ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Mwezi wa Novemba 1854 Florence Nightingale alifika huko pamoja na wauguzi 38. Walifua nguo, waliwapa wagonjwa chakula chema, walikesha nao. Hata hivyo, mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Chini ya jengo lile mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na ndani hewa haikupita. Mwezi wa Machi wakaja watu waliotumwa kutoka Uingereza kuangalia usafi. Wakazibua mifereji, wakaondoa takataka, wakafungua njia za hewa, wakapaka kuta chokaa. Mwezi wa Juni waliokufa walikuwa kama 2 katika 100. Ni kweli, baridi kali ilikuwa imekwisha, na majeruhi walikuwa wamepungua. Lakini Nightingale alipozihesabu habari zile baadaye, aliona wazi kwamba jengo lenyewe lilikuwa limeua watu, akafundisha neno hilo maisha yake yote.

MAMBO YA KUANGALIA

1. Sakafu na mlango. Fukia mashimo, ondoa kizingiti. Mlango uwe mpana wa sentimita 90, mwenye kigari apite. Penye ngazi tengeneza njia ya mteremko: kwa kila sentimita 10 za kwenda juu, urefu wake uwe sentimita 120. Weka mti wa kushikia ukutani, kimo cha kiuno, toka kitandani mpaka mlangoni.

2. Kufunga mlango. Usimfungie mzee kwa kufuli ya nje, hata ukisema wamlinda asipotee. Moto ukiwaka, nani atamfungulia? Mlango ufunguke kwa ndani, tena kwa urahisi.

3. Moto na moshi. Jiko la makaa lisilale chumbani. Makaa hutoa sumu isiyonukia, nayo huua watu waliolala. Mwenye kifafa na mwenye miguu ya ganzi wasilale karibu na moto, maana huyu wa pili ataungua asisikie uchungu. Akitaka joto, mpe blanketi.

4. Kuta. Katika nyufa za udongo hukaa kimputu, yule papasi atokaye usiku kuuma watu na kuwatia homa inayorudi-rudi. Ziba nyufa, piga lipu laini, inua kitanda kitoke ukutani. Chandarua kiwe kizima, maana kikiwa na tundu moja mbu hawatakosa kuliona.

5. Maji na choo. Sisi tunakaa kando ya Ziwa Kisale na mto Lualaba, nchi ambayo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Wakati wa mvua maji hupanda, na shimo la choo likijaa, uchafu wake huingia katika maji tunayokunywa. Choo kijengwe mahali palipoinuka, mita 30 au zaidi mbali na kisima. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Mzee hawezi kuchuchumaa: mtengenezee kiti chenye tundu na mti wa kushikia. Njia ya kwenda chooni iwe na taa. Wazee wengi huacha kunywa maji jioni kwa sababu wanaogopa njia ile gizani, nao hukauka mwili hata kuugua.

6. Raha. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kukaa na nyayo zikagusa chini. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, mgongo usipate vidonda. Dirisha lake litazame njia ya watu, si ukuta mtupu. Nje pawe na kiti kivulini, apate kusalimiwa na wapitao. Mpe sanduku lake mwenyewe, na kabla ya kuingia piga hodi. Hata katika kitanda cha hospitali, nkambo wako bado ni mwenye nyumba.

DAFTARI NA MISUMARI

Siku ya Noeli watu huja kuwaona wazee na sabuni, chumvi na nguo. Ni vema sana. Lakini ni nani aletaye misumari? Nyumba hujengwa mara moja, nayo huharibika kila siku. Bati likilegea mwezi wa Juni hakuna anayejali, kwa kuwa hakuna mvua. Mwezi wa Oktoba mvua ikianza, godoro limelowa na mzee anakohoa.

Basi fanyeni hivi. Chagueni mtu mmoja, jina lake lijulikane. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi azunguke nyumba yote, ndani na nje, akashike kila mti wa kushikia na kuutikisa. Awaulize wazee wenyewe, maana wao ndio wajuao mahali panapovuja. Aandike katika daftari mambo matatu: kilichoharibika, atakayekitengeneza, na siku kilipotengenezwa. Mstari usio na jina la mtu hautatengenezwa kamwe. Mwezi wa Septemba mwangalie paa na mifereji kabla ya mvua. Tena wekeni fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya misumari, chokaa na bati, wala zisiliwe kwa kazi nyingine.

Watu wa kanisa wengine wataona kazi hii ni ya mafundi tu. Na wasome Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu aliwaagiza Waisraeli kuzungushia dari ya nyumba mpya ukuta mdogo, na kama mtu akianguka kwa kukosa ukuta huo, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Hakusema kwamba aliyeanguka alikuwa mzee.

Leo kabla ya jua kuchwa, nenda katika chumba cha mzee wako. Keti kitandani pake. Simama, ukaende chooni kwa njia yake, polepole, na macho umeyafumba nusu. Mahali utakapojikwaa, anza hapo.