Boti Kuukuu ya Kuvuka Bahari: Pa Kuangalia Kabla ya Kulipa

Aprili 2012, boti ya matanga yenye urefu wa mita 8 na ushei iliingia Annapolis, Marekani, baada ya kuzunguka Amerika zote mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, bila kutia nanga bandari yoyote. Nahodha wake, Matt Rutherford, alikuwa peke yake baharini kwa siku 309. Alipenya katikati ya barafu za kaskazini mwa Kanada, akateremka Pasifiki yote, akapinda Rasi ya Pembe, kisha akapanda na Atlantiki hadi alikoanzia. Boti yenyewe, St. Brendan, haikuwa mpya wala ya ghali. Ilikuwa Albin Vega, aina iliyoundwa Sweden tangu miaka ya 1960 hadi 1979, na umri wake ulikaribia miaka 40.

Kwa mwenye hamu ya kuvuka bahari na mfuko mwembamba, habari hiyo inatia moyo kwa haki kabisa. Boti nyingi ndogo za faiba zilizoundwa Ulaya na Marekani enzi hizo bado zinaelea, na baadhi huuzwa kwa bei isiyozidi ya gari la mtumba. Waundaji wa wakati ule walikuwa bado hawajajua faiba itastahimili kiasi gani, kwa hiyo waliiweka nene. Ndiyo maana mwili wa boti ya miaka 50 mara nyingi hukutwa mzima. Kinachozeeka ni maungio: mkuku unapokutana na mwili, mlingoti unapokanyaga sitaha, kamba za chuma zinaposhikizwa, usukani unapopita. Huko ndiko mnunuzi anakopaswa kutumia muda wake, amepiga magoti na tochi mkononi, badala ya kukagua mito ya viti na rangi mpya.

Lakini umbo hutangulia maungio, kwa sababu hakuna fundi wa kulirekebisha.

Agosti 1979, boti 303 zilianza mashindano ya Fastnet kutoka Cowes, Uingereza, na dhoruba ikazikuta kwenye maji yaliyo kati ya Uingereza na Ayalandi. Washindani 15 walikufa. Katika daraja la boti ndogo zaidi zilianza 58, ikamaliza moja tu: Assent, ya aina ya Contessa 32. Uchunguzi uliofuata uliilinganisha aina hiyo na boti ya mashindano ya wakati ule, na kipimo kilichozungumza zaidi kilikuwa cha kuinuka. Digrii 90 ni mlingoti kulala juu ya maji. 180 ni mkuku kutazama mbingu. Contessa 32 hujitahidi kuinuka hadi inapofikia karibu digrii 155. Ile nyingine, pana zaidi na nyepesi zaidi, ilikoma kabla ya 120, na ikishavuka hapo ilielekea kubaki kifudifudi.

Siri ni farumi. Katika majahazi ya pwani yetu farumi huwa ni mawe au mchanga uliopakiwa ngamani, na chombo kikilala sana mzigo huo unaweza kuhama. Boti hizi hubeba risasi au chuma ndani ya mkuku au chini yake, mbali na sitaha, nao ndio uzito unaozirudisha wima. Boti pana humpendeza mnunuzi ikiwa bandarini: vyumba vikubwa, haiyumbi mtu akipanda. Upana huohuo huifanya itulie hata ikiwa imepinduka. Anayekusudia kwenda mbali na achague wembamba na uzito ulio chini, avumilie kulala kwenye kitanda chembamba.

Habari ya mkuku inahitaji maneno zaidi. Mei 2014, boti ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, yenye urefu wa mita 12 hivi, ilikuwa ikirudi nyumbani kutoka Antigua na mabaharia wanne. Katikati ya Atlantiki mkuku ulichomoka, boti ikapinduka, na wanne hao hawakuonekana tena. Meli ya jeshi la majini la Marekani ilipoukuta mwili wake ukielea kifudifudi, boti ya uokozi ya kujazwa hewa ilikuwa bado imehifadhiwa ndani. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugonga chini mara kwa mara, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kuliidhoofisha sehemu ulipofungwa mkuku. Katika uundaji wa boti kama hiyo, mataruma ya ndani hutengenezwa pekee kisha hugandishwa kwenye mwili kwa gundi. Gundi ikiachia, jicho laweza lisione kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni kama boti imewahi kugonga mwamba au mchanga, na nani aliitengeneza. Kisha mbao za sakafu ziinuliwe. Michirizi ya kutu kwenye nati za mkuku, au nyufa nyembamba kama nywele pembeni mwa mataruma, ni sababu tosha ya kumwita mkaguzi wa vyombo na kuipandisha boti nchi kavu. Akague hasa upande wa nyuma wa mkuku: boti inapogonga, sehemu ya mbele huzuiwa na ile ya nyuma husukumwa juu kuingia mwilini. Aina nyingi za zamani, Vega na Contessa 32 zikiwemo, zilifungiwa farumi ndani ya faiba yenyewe, bila boliti. Hilo ni jambo la kuzisifu.

Nazo zina udhaifu wake. Mlingoti wa Vega husimama juu ya sitaha, na uzito wake hubebwa na boriti iliyo chini. Miaka inavyokwenda boriti hiyo huweza kubonyea. Dalili yake ni sitaha iliyozama kidogo kwenye mguu wa mlingoti. Vile vibao vya chuma vinavyoshika kamba za mlingoti navyo hudanganya. Chuma kisichoshika kutu hulika taratibu pale kinapopita kwenye sitaha, kwa kuwa maji hukwama humo bila hewa, ilhali kipande kinachoonekana nje kinang'aa. Kamba zenyewe, makampuni mengi ya bima hutaka zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15.

Sitaha hugongwa kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Mlio mkavu ni heri. Mlio mzito unaashiria kwamba ubao ulio katikati ya matabaka ya faiba umelowa na kuoza. Malengelenge chini ya mstari wa maji huwatisha wanunuzi wengi, lakini ni nadra yazamishe boti, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei.

Mzigo nao una hesabu yake. Watu wawili wakitenga lita 4 za maji kila mmoja kwa siku, siku 30 zinataka lita 240, yaani kilo 240, na Vega nzima ina uzito wa kilo 2,300 tu.

Majaribio yafanywe siku ya upepo, wala si asubuhi ya shwari aliyoichagua muuzaji. Boti ikiwa imelala upande, mmoja ashike kana, mwingine ashuke ndani afungue na kufunga mlango wa choo na makabati. Mlango uliofunga vizuri bandarini ukikwama hapa, mwili unajipinda. Kisha atazame ngama iliyokuwa kavu walipong'oa nanga. Akikuta maji, ayaonje kwa ncha ya kidole: yakiwa matamu, tangi linavuja, yakiwa ya chumvi, kuna ungio linalopitisha bahari, na bei haijadiliwi mpaka lipatikane.