Nani Anakohoa Bombani?

Usiku maji ya mgao yanaporudi mtaani, koki iliyosahaulika wazi tangu mchana ndiyo hutangulia kutoa habari. Pshiii! Inanyamaza. Kho! Kho-kho! Inatema mate ya rangi ya kutu, inavuta pumzi, inakohoa tena mpaka bomba linatetemeka ukutani. Mdogo wako anajifunika shuka gubigubi, na dada yenu anamwambia huyo ni jini wa mabombani. Haya wanangu, sogeeni niwape habari za jini huyo. Jina lake ni hewa, mafundi bomba humwita upepo, na nusu ya mashtaka anayobambikiwa si yake.

Aliingiaje? Twendeni Kimara, Dar es Salaam, kwenye vilima na mabonde. Maji yakifungwa, watu wa bondeni hawaachi kukinga ndoo. Wanamalizia yale yaliyobaki bombani. Maji yanateremka kwao, na yanapoondoka huku juu lazima kitu kishike nafasi yake. Koki ya nyumba ya kilimani iko wazi, basi hewa inaingilia hapo. Maji yakikatika, weka kiganja kwenye mdomo wa koki hiyo, huenda ukahisi kinavutwa. Bomba linanyonya! Na likinyonya halichagui. Ukiwa umezamisha mpira wa maji kwenye beseni la nguo, linaweza kuvuta povu, uchafu na yote yaliyomo, kesho jirani akayakinga kwenye sufuria ya chai. Mama akikukuta umeacha mpira kwenye beseni akakugombeza, ana haki yake.

Maji yanaporudi, hewa inakuwa imekwama katikati: nyuma inasukumwa, mbele tundu la kutokea ni koki yako tu. Hewa ni nyepesi, inapenya tunduni upesi, na maji yaliyo nyuma yake yanaongeza mbio kuifuata. Yakifika kwenye tundu yanabanwa, mbio zinakatika. Kisha linakuja funda jingine la hewa, mbio zinaanza upya. Kukimbia na kubanwa, kukimbia na kubanwa: hiyo ndiyo kho-kho unayoisikia. Fungua koki kidogo tu, uiache ikohoe mpaka itulie. Na ukimsikia babu akilalamika kwamba analipia upepo, usimcheke, kwa sababu mita yenye gurudumu ndani huweza kuzungushwa na hewa pia. Ila si kila bili kubwa imeletwa na upepo. Nyingine ni tanki la choo linalovuja usiku kucha.

Maji hayo ukiyakinga kwenye glasi huenda yakawa meupe, huoni upande wa pili. Usiyamwage. Weka glasi mezani utazame kitako chake. Weupe ukianza kuondoka chini na kupanda juu, ni viputo vidogo vya hewa vinajiendea zao. Maji yakiwa na presha bombani humeza hewa nyingi, na yakitoka nje huitema. Lakini weupe ukishuka na kutuama chini, hiyo si hewa tena. Usiyanywe, mwite mkubwa.

Na mluzi mwembamba unaposikika koki ikifunguliwa nusu, mara nyingi si jini, ni mpira wa ndani ya koki umelika au umelegea. Fundi huubadilisha na kuondoka kabla chai haijapoa.

Sasa njooni kwenye kelele nyingine, pigo la ukutani. Umefungua koki ya kisasa, ile ya kishikio unachogeuza robo tu. Ndoo imejaa, unaifunga kwa kofi moja, na ukutani panalia GU! gu-gu-gu. Nyumba nzima itasema, "Upepo huo." Wanamsingizia! Hapo upepo hayupo, na kutokuwepo kwake ndiyo taabu yenyewe.

Bombani mlikuwa na maji yanayokimbia, foleni moja kutoka barabarani mpaka mkononi mwako. Fikiria daladala iliyosheheni abiria waliosimama, dereva akakanyaga breki ghafla. Wa mbele anabanwa kwenye kioo, wa pili anamlalia wa kwanza, wa tatu anamlalia wa pili, mpaka msukumo unamfikia konda mlangoni. Maji nayo ni hivyo hivyo: ya mbele yanagonga koki, ya nyuma yanayagonga ya mbele, na kwa kuwa maji hayabonyei, pigo lote linabebwa na kuta za bomba. Linakimbia kurudi nyuma, linagota, linageuka tena. Kwenye bomba la chuma linakwenda zaidi ya kilomita 1 kwa sekunde.

Aliyelipigia hesabu pigo hilo vizuri ni Mrusi Nikolai Zhukovsky, ambaye kwao wanamwita baba wa usafiri wa anga wa Urusi. Mwaka 1897 na 1898 alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya mji wa Moscow. Kwa hesabu yake, maji yanayokwenda mita 1 tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole, yakisimamishwa ghafla kwenye bomba la chuma, presha inapanda kwa kiasi kinachoweza kurusha maji zaidi ya mita 100 juu. Tanki lenu lililo kwenye mnara wa mita 3 linasukuma kwa hizo mita 3 basi. Bomba la plastiki hutanuka kidogo na kupunguza ukali, lakini viungo vyake navyo huachia.

Dawa ya kwanza haiuzwi dukani: funga koki taratibu. Ya pili ndiyo inayonifurahisha. Fundi husimamisha kipande kifupi cha bomba karibu na koki, juu amekiziba, ndani mna hewa tupu. Pigo likija, maji hupanda humo na kuibana hewa, nayo hubonyea kisha hurudi, na ukuta haulii. Yule mnayemwita jini amefanywa mlinzi! Shida yake ni kutoroka. Siku zinavyokwenda, maji yanaimeza ile hewa kidogo kidogo, kipande kinajaa maji, GU inarudi. Inabidi kufunga maji, kumwaga yaliyomo bombani na kuiruhusu hewa iingie upya.

Miaka mia kabla ya Zhukovsky, mtu mwingine alikwisha kulipa pigo hilo kazi. Ni Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, ambaye mwaka 1783 yeye na ndugu yake walirusha puto la hewa ya moto. Mwaka 1796, akitaka maji yapande kwenye kiwanda chake cha karatasi, alitengeneza pampu isiyo na injini. Maji ya mto yanateremka bombani, valvu inajifunga ghafla, pigo linasukuma sehemu ndogo ya maji juu kilimani, valvu inafunguka tena. Tak, tak, tak, usiku na mchana, bila mafuta wala umeme. Pampu za namna hiyo zinatumika mpaka leo kwenye mashamba yenye mito ya mteremko. Ndani zina chupa ya chuma yenye hewa ya kupokea pigo, na kwa kuwa hewa ile nayo humezwa na maji, chini ya chupa hutobolewa kitundu chembamba, ili kila inapolia tak, pampu ivute hewa kidogo ya nje.