Mzigo wa Mpagazi na Uzi wa Herufi 280
Sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi misafara ya karne ya 19 ilivyopangwa Bagamoyo kabla ya kushika njia ya Ugogo kwenda Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Mpagazi mmoja alitwishwa frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32. Kipimo hicho hakikutokana na bidhaa. Kilitokana na bega la mtu ambaye angetembea takribani miezi mitatu kutoka pwani hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Vitambaa, shanga, waya wa shaba, vyote vilifungwa upya mpaka vikatoshea bega. Leo tuhamie kwenye simu, kwa sababu ukomo wa maandishi katika mitandao ya kijamii una asili kama hiyo: aliyeupanga ni mbebaji, si msomaji.

Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiuandaa mfumo wa simu za mkononi wa GSM. Walitaka maandishi yapite katika mkondo mwembamba ambao simu na mnara hupeana ishara. Nafasi iliyopatikana ni baiti 140. Kwa alfabeti ya kawaida, ambayo kila herufi huchukua biti 7, baiti hizo hubeba herufi 160. Hillebrand alikaa na taipureta yake, akachapa sentensi za aina mbalimbali na kuzihesabu, akaridhika kwamba 160 zinatosha. Twitter ilipoanza mwaka 2006 ilitegemea meseji hizo hizo. Ikaweka akiba ya herufi 20 kwa jina la mtumiaji, zikabaki 140. Novemba 2017 zikaongezwa kuwa 280, wakati ambapo wengi walikwisha kuhamia intaneti na bega lile la zamani halibebi tena mzigo huo. Leo Bluesky inaruhusu 300, Threads 500, maelezo ya picha ya Instagram 2,200. Hakuna mnara unaodai idadi hizo. Ni uamuzi wa wenye mitandao. Mazoea nayo hudumu kuliko sababu yake: vijana waliojifunza kuandika m2, 2po na cjui ili meseji itoshe bado wanaandika hivyo WhatsApp, ambako nafasi si tatizo.

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi tuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Maandishi yetu hayana alama juu ya herufi, kwa hiyo yanaingia yote katika alfabeti ile ya biti 7. Lakini chukua tangazo la chanjo ya ng'ombe, herufi 150, lililochapwa kwenye kompyuta kisha likanakiliwa kwenda kwenye mfumo wa kutuma meseji kwa wafugaji. Kompyuta mara nyingi huipinda ritifaa iliyomo kwenye neno ng'ombe, na ritifaa iliyopinda haimo katika alfabeti ile. Alama hiyo moja huulazimisha ujumbe mzima kuandikwa kwa biti 16, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Tangazo lililopaswa kwenda kwa meseji moja linakwenda kwa tatu, na mtumaji analipia tatu kwa kila mfugaji. Emoji moja hufanya vivyo hivyo.

Mnaotuma meseji ndefu huenda mmeshangaa: zinakatwa njiani lakini zinafika zikiwa nzima. Wahandisi walitenga baiti 6 katika kila kipande ili ziandikwe habari tatu: namba ya shehena, jumla ya vipande, na hiki ni cha ngapi. Kwa sababu ya akiba hiyo kila kipande hubaki na herufi 153. Simu ya mpokeaji huvisubiri vipande, huvipanga, kisha huvionyesha kama meseji moja.

Uzi wa mtandaoni haukupewa ulinzi wa namna hiyo. Kila chapisho ni jibu la lililotangulia, basi. Mtu akipenda la nne kati ya tisa, hulisambaza hilo peke yake. Tangu X, yaani Twitter ya zamani, ilipozuiwa nchini Mei 2025, Watanzania wengi huzipata nyuzi hizo kwa skrinishoti kwenye makundi ya WhatsApp, na skrinishoti haina mbele wala nyuma.

Tabora inajua hasara ya shehena iliyotawanyika. Mizigo aliyopelekewa David Livingstone kutoka Unguja haikufika pamoja: sehemu ilitangulia Ujiji ikauzwa na aliyekabidhiwa, sehemu ikakwama Unyanyembe. Mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870 ulimfikia Ujiji Novemba 1871, ukiwa mikononi mwa mwandishi wa habari Stanley aliyeukuta Unyanyembe. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo.

Na huyo Mirambo ndiye mfano wangu. Tuseme mwalimu wa historia anaandika uzi juu yake. Kipande cha pili kinaishia hivi: "Agosti 1871 Mirambo aliishambulia Tabora na kuteketeza nyumba. Alikuwa jambazi." Kipande cha tatu kinaanza: "Hivyo ndivyo walivyosema wafanyabiashara waliopata hasara. Yeye alidai hongo, yaani ushuru wa njia, kwa misafara iliyopita katika nchi yake." Mwalimu amesema kweli, lakini kipande cha pili kikitembea peke yake kinamsingizia maneno asiyoyakubali, na mtu wa Urambo atakayekiona ana haki ya kukasirika. Msemaji lazima akae katika kipande kimoja na msemo wake: "Wafanyabiashara wa Tabora walimwita Mirambo jambazi." Hapo herufi 280 hazina kosa. Kosa ni kukata pale nafasi ilipoishia badala ya pale wazo lilipoishia.

Waandishi wetu wa simulizi wanalijua jambo hili kuliko wasomi wengi. Katika Facebook na WhatsApp wanatoa hadithi kwa sehemu, "Sehemu ya 14" juu kabisa, "itaendelea" chini, kama magazeti yalivyofanya kwa miaka mingi. Msomaji aliyeikuta ya 14 anajua kwamba ziko 13 nyuma yake, anaziuliza. Ninawaheshimu kwa hilo. Mwalimu wetu naye aandike namba kama 2/6 kwenye kila kipande, ataje jina la Mirambo upya badala ya "huyo", na mwaka aurudie. Atapoteza herufi kumi na kitu kila mara, kama meseji ndefu inavyopoteza saba.

Wiki ijayo tutaifuata reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na yaliyowapata wapagazi wa Kinyamwezi baada ya mzigo kupanda behewa.