Kitabu cha Jemadari

Wazee wa Kiomboi, katika nchi ya Iramba, wakiletewa shauri la ng'ombe, hawamsikilizi mtu mmoja tu. Humsikiliza mdai, kisha mdaiwa, kisha huwaita mashahidi; ndipo hukata shauri. Desturi hiyo yamfaa pia mtu asomaye kitabu, hasa kitabu ambacho jemadari ameandika habari za vita vyake mwenyewe.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa mkuu wa jeshi la Wadachi katika nchi iitwayo leo Tanzania Bara. Mwezi wa Novemba 1914 aliwashinda Waingereza huko Tanga. Baadaye adui zake wakamzidi sana kwa wingi, naye akarudi nyuma huku akipigana, mpaka akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika Zambia. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekoma majuma mawili kabla. Mwaka 1920 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake.

Kitabu hicho kina mafunzo mengi. Msomaji huona jinsi watu waliozuiliwa njia ya bahari walivyojitengenezea viatu kwa ngozi za wanyama, na dawa ya homa kwa magome ya miti. Tena husoma sifa za askari Waafrika, ambao katika jeshi lile walikuwa wengi kuliko Wadachi.

Lakini kitabu ni macho ya mtu mmoja. Jemadari hutazama ramani. Mpagazi hutazama kisigino cha mwenziwe aliye mbele. Ndorobo waliwaua farasi na punda, kwa hiyo vyakula na risasi vilichukuliwa vichwani mwa watu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi, si na risasi. Katika Ugogo, nchi iliyo jirani na Singida, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana; na mvua zilipokosa kunyesha, ikaingia njaa kubwa iliyoitwa Mtunya. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nazo nyasi haziandiki vitabu.

Je, basi kitabu cha jemadari kitupwe? La, kisomwe; bali kisomwe kama wazee wasikilizavyo shauri. Msomaji na ajiulize: Ni nani asemaye? Alikuwa amesimama wapi? Ni nani hakupata nafasi ya kusema? Watu walioviona vita vile wamekwisha kufa, lakini waliwasimulia watoto wao, na watoto wakawasimulia wajukuu. Mwanafunzi wa Kiomboi amwulizapo bibi yake habari hizo, na kuziandika vema katika daftari, amemwita shahidi aliyekosekana barazani.