Je, Wajua? Mfarishi Umetulia, Cherehani Inatembea

Kwenye cherehani ya kawaida, fundi husukuma kitambaa chini ya sindano. Sasa chukua mfarishi wa kitanda kikubwa, upana karibu mita 2.7, wenye uso wa viraka juu, pamba katikati na bitana chini. Mzigo huo hausukumiki kwa raha. Kwa hiyo mafundi wengi wa Marekani hutumia cherehani ya mkono mrefu: mfarishi hutandazwa kwenye fremu ya mita 3 hadi 3.6, na kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu ya reli, mbele, nyuma na kando. Sindano yake ni imara kuliko ya kawaida, maana huvutwa kila upande.

Je, wajua kwamba kazi huharibika au kutengemaa kabla ya mshono wa kwanza? Bitana hukatwa iuzidi uso kwa takriban sentimita 10 kila upande, kisha hubanwa kwa pini kwenye turubai lililoshikizwa kwenye rola ya fremu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikienda mshazari, mikunjo hujificha upande wa chini, na fundi huiona mfarishi ukishateremshwa. Ikiwa bitana imeungwa, ni heri mshono wa kiungo ulale sambamba na rola. Ukisimama wima, hujizungushia pale pale kila mara, ukajenga kigongo. Katikati pakakaza na pembeni pakalegea.

Wengi hawaufungi uso kwenye rola. Huupiga bandi ukingo wa juu tu, pamoja na pamba, na kuacha sehemu iliyobaki ining'inie mbele. Napenda sana njia hii, kwa sababu kila kipande hulainishwa kwa mkono kinapofika juu ya fremu, na kiraka kilichovutika hupata nafasi ya kunyooshwa. Kingo za kando nazo hupigwa bandi kabla ya kusogeza.

Kitambaa hakitakiwi kukazwa kama ngozi ya ngoma. Fundi huweka kidole chini ya bitana na kusukuma juu. Ncha ya kidole inapaswa kuhisika. Kikikazwa kupita kiasi, sindano huruka mishono.

Mashine nyingi za leo zina vihisi kwenye magurudumu. Mkono ukienda haraka, sindano nayo huongeza kasi, ili mishono ibaki sawa, mara nyingi 4 au 5 kwa sentimita.

Fremu yenyewe ni ya zamani kuliko mashine. Katika nyumba ndogo za kusini mwa Marekani, kina mama waliitundika darini kwa kamba na kuishusha wakati wa kushona. Kampuni ya Gammill ya West Plains, Missouri, ilianza kutengeneza mashine za mkono mrefu miaka ya 1980. Mwaka 1989, huko Paducah, Kentucky, mfarishi wa Caryl Bryer Fallert ulioshonwa kwa cherehani ya kawaida ulitwaa tuzo kuu ya maonyesho ya mifarishi, wa kwanza ulioshonwa kwa mashine kufika hapo.

Je, wajua kwamba urefu wa mfarishi hauzuiwi na fremu? Upana ndio wenye mpaka, kwa kuwa urefu huviringishwa. Lakini rola hunenepa kadiri kazi inavyosonga, na kwenye mashine nyingi hula nafasi ya sindano. Nakshi iliyoenea vizuri kwenye safu ya kwanza yaweza kukosa nafasi kwenye ya mwisho, kwa hiyo fundi hupima kimo cha nakshi kwa kufikiria rola iliyojaa.